Picha ya Baada ya "Tayari"

Tangu asubuhi mpigapicha hakuweza kumeza hata chai. Leo kazi zake zimetundikwa ukumbi mmoja na za wachoraji na wachongaji! Yeye, mpiga picha za paspoti, mwenye kibanda ubavuni mwa kinyozi! Jamani, nani angeamini?

Mtaani humwita Tayari. Mteja akikaa kwenye stuli hukaza shingo, hubana pumzi, utadhani anasubiri sindano. Akisikia "Tayari!" hushusha mabega. Hapo mpigapicha hujifanya anarekebisha taa, kumbe kidole bado kiko kwenye kamera, na hubofya tena bila hata kutazama. Hizo picha za pili ndizo zilizojaa ukutani. Wote waliomo aliwaomba ruhusa, isipokuwa baba yake.

Baba ni mwashi, mtu mkali, haongei mpaka alazimike. Kazi ya bintiye huiita "kubofyabofya". Studio alifika mara moja tu, kwa shida ya kitambulisho. Binti aliogopa kumwomba ruhusa, na kuiacha picha nyumbani moyo ukakataa. Potelea mbali, alijiambia, akichukia nitaishusha.

Ukumbi ulifurika. Kinyozi alipojiona anapiga miayo alipiga kelele, "Ni mimi huyo! Ni mimi!" watu wakaangua kicheko. Tayari alikuwa anacheka mpaka machozi, mara akawaona wazazi wake mlangoni.

Baba alikwenda moja kwa moja kwenye picha yake. Mwashi wa pichani alikuwa ametazama pembeni, uso umelainika, tabasamu limemponyoka.

"Huyu si mimi," akasema.

"Nisamehe, baba. Naishusha sasa hivi." Binti akanyoosha mkono.

"Ebo! Thubutu!" Mama akadakia, mikono kiunoni. "Si wewe nani? Mimi nakuona hivyo kila siku, mume wangu. Ndivyo unavyomwangalia mwanao akikupa kisogo."

Mkono wa Tayari ukabaki hewani. Siku zote alidhani baba alikuwa anatazama taa.

Baba akakohoa. Akajikung'uta koti lisilo na vumbi. Kisha akamshika mkono mgeni wa kwanza aliyepita, mtu asiyemjua kabisa.

"Njoo, njoo uone," akamwambia. "Hii kaipiga binti yangu."