Gauni la Mkanda wa Kifuani

"Sisi tuliposa mtamba. Huyo ndama ni wa nani?"

Maximiliana, shangazi wa bwana harusi, aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, sherehe nzima ya kumuaga binti yangu Milembe ikisikia, pale Bariadi. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa na nyama mdomoni, haikumezeka.

Kosa la Milembe lilikuwa gauni. Aliona kwenye simu picha za wanawake wa Ulaya wa miaka mia mbili iliyopita, wamevalia mavazi ya jioni: magauni meupe, mepesi, mikono mifupi, mkanda umepita chini ya matiti, halafu kitambaa kinateremka hadi miguuni kama maji. Nao, alinieleza, waliiga sanamu za Wagiriki. "Kiuno hakibanwi, baba. Mtu anapumua." Fundi akamshonea kwa pamba nyembamba iliyotoka India. Sisi wa Nkololo kazi yetu kuilima tu.

Alipoingia ukumbini alionekana mrefu, ametulia, nami nikajiona mtu. Wakwe kutoka Lalago waliona kingine. Kwao gauni lisiloonyesha kiuno ni la mwenye mimba, basi.

Milembe aligeuka. Alimtazama Renatus, mchumba wake. Walikuwa wamekubaliana kusubiri ndoa ya kanisani, na hakuna aliyemjua binti yangu kuliko yeye. Neno lake moja lingetosha.

Renatus akakuna shingo. "Si ukapime tu, Milembe? Yaishe."

Mwanangu akavua pete, akaiweka juu ya keki ambayo haijakatwa. "Baba, ng'ombe wa watu warudi."

Niliwaswaga mwenyewe hadi Lalago. Njiani sikusalimia mtu.

Ni miaka minne sasa, na bado naionja ile nyama.

Mwaka ule ule palizi ikapita, mavuno yakapita, tumbo la Milembe likabaki lile lile, na habari zikawafikia wa Lalago. Wakaja nyumbani, Maximiliana mbele na mfuko wa mchele, Renatus nyuma yake anaangalia viatu.

"Mkwe, sasa tumeamini," mama yule akaniambia, macho yake bado kwenye tumbo la binti yangu.

"Mmeamini nini?" Milembe aliuliza, huku anapukuchua mahindi.

Maximiliana akanisogezea mfuko wa mchele. Nikamwita mke wangu aliyekuwa jikoni, nikamwambia aipue sufuria ya ugali. Wageni hawali.