Fimbo ya Kuchungia

Baba mdogo Qamara alinivunjia fimbo ya kuchungia mbele ya ukoo wote pale kijijini Endasak, eti mtoto wa kike anayepiga vijiwe kwa fimbo kutwa nzima hataolewa. Leo nacheza gofu ya kulipwa. Nimerudi nyumbani, mjini Katesh, watu wamefurika sokoni, wasichana wamevaa kofia zenye jina langu. Baba mdogo naye kasukumana hadi mbele, simu mkononi, anataka picha. Kwa kiherehere chake akainamisha kichwa chenye mvi: "Shikamoo, staa wetu!"

Mzee kumwamkia binti! Watu wakasubiri nione aibu, nimwamkie yeye.

Nikamwekea mkono kichwani, kama anavyowekewa mtoto anapoamkia.

"Marahaba," nikamjibu. "Hujambo?"