Krimu ya Wifi

Sindano alikuwa fundi wa makochi, na hakuwa mtu wa kuonewa. Jina hilo walimpa mtaani, wala si kwa ajili tu ya zile sindano ndefu zilizopinda alizochomeka kwenye aproni. Ulimi wake nao ulikuwa unatoboa. Siku aliyotoka kwa daktari wa ngozi alipita mbele ya kibarua wake bila hata kumwuliza kwa nini kochi la mteja bado liko uchi mgongoni. Yule kibarua akajua kuna mtu leo atakiona.

Mambo yalianza na doa dogo la duara kiunoni, pale mkanda wa aproni unapobana. Kazi ya makochi ni ya joto: kutwa umeinama, vumbi la sponji linakuingia hadi puani, jasho linakuteremka mgongoni. Doa likaanza kuwasha. Akamwonyesha wifi yake, dada wa mumewe, mwenye duka la vipodozi mtaa wa pili.

"Choa tu hiyo," wifi alisema, akachomoa tyubu rafuni. "Paka hii. Inaua fangasi, inakata muwasho, na ngozi inang'aa. Wateja wangu wote wanaisifu."

Na kweli, kesho yake muwasho ulikata kama umezimwa kwa swichi. Sindano akamsifu wifi yake kwa kila aliyeleta kochi. Alipoacha kupaka, muwasho ukarudi na ndugu zake. Akapaka tena, safari hii kwa kumwaga. Ukatulia, ukarudi. Mwishowe doa halikuwa duara tena. Lilienea tumboni na mgongoni, kingo zake hazieleweki, na ngozi ikawa nyembamba. Akijikuna kidogo tu, inachubuka kama ganda la kitunguu.

Daktari wa ngozi, mama wa makamo mwenye haraka zake, aliisogeza ile tyubu hadi karibu na pua. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, chini ya picha ya mrembo anayecheka.

"Dawa ya fangasi imo," alisema. "Lakini wameichanganya na steroidi, tena kali. Steroidi inazima wekundu na muwasho, wewe unadhani umepona. Kumbe imeilaza usingizi kinga ya ngozi, fangasi wanakula raha mustarehe."

"Kwa hiyo nilikuwa nawalisha?"

"Uliwaandalia meza kabisa."

Akamwandikia dawa ya fangasi isiyo na mchanganyiko, na vidonge kwa kuwa doa lilishaenea. Oga, akamwambia, jikaushe vizuri, paka kidogo na uvuke kingo za doa, kisha nawa mikono. Taulo asichangie na mtu. Wala asiache siku muwasho utakapokata. Ngozi ikionekana safi fangasi wanaweza kuwa bado wamo, kwa hiyo amalize muda wote ulioandikwa.

"Una mtoto unayembeba kiunoni?"

"Ninaye."

"Mkague. Ukimwona na doa, mlete. Usimpake krimu hii ya dukani, hasa usoni."

Mtoto mwenyewe, binti anayejifunza kutembea, alikuwa ameachwa kwa shangazi yake dukani. Sindano alikwenda huko moja kwa moja. Njiani alikuwa anapanga maneno, mengine anayaacha, mengine anayanoa. Akaingia dukani. Wifi alikuwa amemkalisha mtoto juu ya meza ya duka, kidole kimoja kina krimu nyeupe, anamsugua shavuni palipotokeza kiduara.

"Umefika wakati mzuri," wifi alisema kwa furaha. "Mwanangu naye kapata choa, nimeshamwahi."

Damu ilimpanda Sindano hadi masikioni. Alimnyakua mtoto, akamfuta shavu kwa upindo wa kanga yake, akaomba maji, hakungoja kuletewa, akaenda kuyachota mwenyewe.

"Nani kakuambia umpake mwanangu?"

"He! Mimi si shangazi yake?"

"Ushangazi ndio udaktari? Unajua kilichomo humu? Sema! Unauza kitu, kitaje!"

"Dawa ya ngozi..."

"Dawa ya ngozi, nitazame basi!" Akainua blauzi palepale, wateja wawili wakageuza nyuso. "Ndiyo ngozi hii? Nimekuonyesha duara dogo, umenirudishia ramani ya dunia!"

Wifi alianza kulia. Sindano hakulegea. Alizoa tyubu zote rafuni kwa mkono mmoja, akazibwaga kwenye ndoo ya maji machafu ya kupigia deki, akatoka na mwanawe. Wale wateja walimpisha mlangoni.

Nyumbani, mumewe alijaribu kupoza mambo. "Alikuwa na nia njema. Ni dada yangu."

"Nia njema imekaa kwenye shavu la mwanao, kaitazame. Na usiniambie tena ni dada yako, hilo nililijua kabla sijaolewa."

Mume akaenda kulitazama shavu la mtoto. Kesho yake yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka mtoto kwa daktari, akarudi na dawa, akawa anampaka yeye, kidogo kidogo, ameukunja uso kama mtu anayetegua bomu. Shavu la mtoto likapona likawa kama halijaguswa. Kiuno cha Sindano kilichukua muda zaidi, na michirizi myekundu ilibaki pale ngozi ilipoliwa. Kila alipofunga aproni aliiona, na hasira ikarudi mbichi.

Wifi hakuonekana kwa muda mrefu. Halafu asubuhi moja akasimama mlangoni pa karakana, amejitanda mtandio hadi machoni.

"Kama umekuja kudai tyubu zako, geuza," Sindano alisema bila kuacha kuvuta uzi.

Wifi akaufungua mtandio. Uso ulikuwa mwekundu, umetutumka vipele, umevimba chini ya macho.

"Mimi naipaka siku nyingi," alisema. "Tangu nifungue duka. Ulipozimwaga, nikasema niache. Uso ukawaka moto. Nikipaka unatulia, nikiacha unawaka. Nilimwuliza anayeniletea kuna nini ndani. Akacheka, akasema yeye anauza makatoni, hajui ya ndani."

Sindano aliweka sindano chini. Alitaka kusema *si nilikwambia*, na maneno yalikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Lakini alimfikiria huyo mtu wa makatoni, na yule aliyechora mrembo anayecheka, na hasira yake ikawa kubwa kuliko karakana nzima.

"Usiipake tena, na usijitibu mwenyewe," alisema. "Vaa mtandio wako, twende."

"Wapi?"

"Kwa daktari, wapi tena! Na lile katoni lililobaki stoo tunalibeba. Usinitazame hivyo, najua lipo. Daktari alione, atuambie linashtakiwa wapi."

"Bado umenikasirikia, wifi?"

"Sana," alisema Sindano, akiivua aproni. "Tembea."