Mshikio wa Bafuni

Mama alipofanyiwa upasuaji wa goti, kilichomkera zaidi ni kuogeshwa kama mtoto mchanga. Nikanunua mshikio wa chuma, nikaufunga kwenye ukuta wa bafuni. Kumbe ukuta ule wa jipsamu ni mtupu ndani. Nilipouvuta mshikio kuujaribu, skrubu zote zilichomoka na unga mweupe.

Mama akanicheka. “Fundi cherehani wangu, ukuta haushonwi! Gonga kwanza, usikilize.”

Nikagonga. Bu, bu, bu, kisha ko! Nyuma ya hapo palikuwa na mbao ya fremu. Nikausimamisha mshikio wima juu yake, nikakaza skrubu ndefu mpaka kiganja kikawaka moto.

Mama akaushika, akauvuta kwa uzito wake wote. Haukutikisika.

“Haya, toka nje,” akasema kwa furaha. “Leo najiogea mwenyewe!”

Akaoga saa nzima, akiimba.