Maziwa Yaliyobaki

Kikombe cha tatu kiliganda. Mkaguzi wa kiwanda cha maziwa alikizungusha tena, polepole, na maziwa yaliyochanganywa na dawa yakavutana kama ute wa yai, huku vikombe vingine vitatu vikibaki vyepesi. Alikuwa amechuchumaa kando ya Shangazi, ng'ombe wetu mkubwa, ameshika kile kisahani chake chenye vikombe vinne, kimoja kwa kila chuchu. Alimwonyesha Baba, kisha akamwaga chini.

"Ana ugonjwa wa kiwele, Mzee. Na yule wa kwanza naye unamwanza. Kiwanda kimeshawarudishia maziwa mara mbili. Narudi baada ya wiki tatu. Nikikuta hivi tena sina namna, nawatoa kwenye orodha mwaka mzima."

Baba alimgeukia Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa banda na kitambaa cha kuchujia begani.

"Unasikia? Kila siku nasema kuhusu usafi wa hizo ndoo."

Mama alikunja kitambaa chake, akarudi jikoni kuchemsha maji.

Wanasema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Wetu walikuwa wanne na walizaa vizuri tu, tena majike. Shida yetu haikuwa uzazi. Pumba zilipanda bei kila msimu na maziwa yakabaki pale pale, na malipo ya kiwanda yalipotoka kila baada ya wiki mbili yalikuwa na wenyewe tayari: muuza pumba, daktari wa mifugo, ada ya mdogo wangu chuoni. Tukitolewa kwenye orodha tungewauzia wachuuzi kwa nusu ya bei, na kabla ya mwaka kuisha tungeuza ng'ombe mmoja ili kumlisha mwingine. Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu. Hata Shangazi angeiweza, na yeye tulimpa jina hilo kwa sababu alikuwa hapendi mtu amkaribie bila kupiga hodi.

Na kazi haikuwa na siku ya kupumzika. Ng'ombe hajui harusi wala msiba. Siku tuliyomzika Bibi, mama yake Baba, udongo ulikuwa haujakauka kaburini Baba alipovua koti, akapita katikati ya waombolezaji na kwenda kukamua, kwa sababu saa kumi ilikuwa imefika. Watu wengine walimsema. Mimi nilikuwa mtoto na nilimwonea fahari. Alikuwa amekamua miaka thelathini na minne, asubuhi na jioni, na hakuna aliyewahi kumshikia kigoda chake.

Siku ya tatu baada ya mkaguzi kuondoka, Baba alimaliza kukamua akaenda kunywa chai. Nikaingia bandani kufagia. Shangazi alikuwa anadondosha maziwa. Chuchu ya nyuma ilitoa tone, kisha jingine, yakaangukia sakafuni. Nilichuchumaa, nikaminya ili nione tu.

Yakatoka kwa nguvu. Nilivuta ndoo ndogo ya ndama, nikaendelea. Chuchu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipomaliza nilikuwa na karibu lita nzima, maziwa ya mwisho, yale mazito yenye mafuta. Nikahamia kwa ng'ombe wa pili, nikakuta hivyo hivyo. Nilibaki nimechuchumaa pale na ile ndoo katikati ya miguu, nikaanza kuyaona mambo ambayo yalikuwa mbele ya macho yangu mwaka mzima. Kikombe cha chai ambacho Baba alikishika kwa viganja viwili. Vifungo vya shati ambavyo siku hizi Mama alimfungia kila asubuhi, wakijifanya wote wawili kwamba ni mapenzi ya uzeeni. Vidole vyake vilikuwa vinakufa ganzi. Vilikuwa vinachoka kabla ya kiwele kuisha, na maziwa yanayobaki ndani ndiyo yanayomuumiza ng'ombe. Ndoo za Mama hazikuwa na kosa lolote.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, umri wa kutosha kusema. Sikusema. Kumwambia mtu kama yule kwamba hamalizi ng'ombe ni kumvua nguo mbele ya watoto wake, na mimi sikuwa na moyo huo. Nilichofanya ni kumfuata nyuma. Kila alipokwenda kunywa chai, asubuhi na jioni, nilichukua ndoo ya ndama na kuwarudia wote wanne mpaka tone la mwisho, halafu nikafagia haraka ili nionekane nilikuwa nafagia. Nilirudi ndani mgongo ukiniuma, naambiwa nafagia polepole kama bibi harusi.

Mama naye aliendelea kusugua. Alichemsha maji mara mbili kwa kila kukamua, akasugua ndoo kwa mchanga, kwa sabuni, kwa maji ya moto tena, mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Baba aliinusa kila ndoo kabla ya kuipokea. "Hii umeisuuza kweli?" alimuuliza, na Mama akaichukua akaenda kuirudia. Nililiona hilo kila siku kwa wiki tatu na sikumtetea. Mengine ya wakati ule nimejisamehe. Hilo bado linaniuma.

Mkaguzi alirudi jioni, saa ya kukamua, na safari hii hakutoa kisahani chake kwanza. Alifungua fomu.

"Leo nataka kuona mnavyokamua, mwanzo hadi mwisho," alisema. "Mkamuaji akimaliza, napima mwenyewe kilichobaki. Nani anakamua?"

Baba alikuwa ameshanawa mikono hadi viwikoni. Alikuwa ameshika kigoda, anakwenda zake kwa Shangazi. Niliona kitakachotokea kama vile kimeshatokea: Baba akiinuka, mgeni akiinama mahali pake na kuminya, maziwa yakichuruzika mbele yetu sote, na fomu ikiandikwa. Nilipiga moyo konde.

"Mimi," nilisema.

Mkaguzi alitazama karatasi. "Hapa ameandikwa Mzee."

"Hiyo ya zamani. Siku hizi nakamua mimi."

Mama aliinamisha kichwa. Baba alisimama na kigoda chake. Alinitazama, na mimi nikayatazama mabuti yake.

"Ni kweli, Mzee?" aliuliza mkaguzi.

"Ni kweli," Baba alisema. "Mimi siku hizi naleta majani tu."

Akanipa kigoda. Kisha akatoka kwenda kuleta majani, ingawa hori lilikuwa limejaa.

Nilikamua mpaka tone la mwisho. Nilipomaliza, mkaguzi alichuchumaa akaminya chuchu moja baada ya nyingine, akapata matone. Vikombe vilibaki vyepesi, isipokuwa kile cha tatu kilichoganda kidogo ukingoni. Alituandikia dawa ya Shangazi, akatuambia tusiyapeleke maziwa yake mpaka siku za dawa ziishe, na akasema ng'ombe wengine hawana neno, tunabaki kwenye orodha. Mahali pa mkamuaji alikata jina la Baba kwa mstari mmoja akaandika langu. Mama alimshukuru. Baba hakurudi bandani mpaka pikipiki ya mkaguzi ilipoondoka, na usiku alikula akaenda kulala.

Asubuhi niliingia bandani peke yangu. Nilimwosha Shangazi kiwele kwa maji ya vuguvugu, nikampaka mafuta, nikaanza kukamua. Hakuachia. Kiwele kilikuwa kimejaa, kigumu, lakini alikaza mgongo na kuyazuia maziwa yote. Nilimbembeleza, nikamwekea pumba. Wiki tatu alikuwa ananipa mabaki bila ubishi, lakini siku ile alikuwa anasubiri mtu wake, na akiendelea kuzuia, chuchu yake yenye ugonjwa ingerudi kule kule. Nilikwenda jikoni.

Baba alikuwa mezani. Alikuwa amevaa mabuti na koti la bandani, na mikono yake ilikuwa imeoshwa hadi viwikoni, ameiweka juu ya meza. Mama alikuwa anamimina chai.

"Baba," nilisema, "Shangazi amekataa."

Aliinuka mara moja. Bandani hakukikaribia kigoda. Alikwenda moja kwa moja kichwani, akamkuna Shangazi chini ya taya.

"Na wewe, unaringa nini?" alimwambia kwa sauti ya chini. "Mpe mtoto."

Maziwa yakashuka. Nilikaza macho kwenye ndoo, nikakamua, na kwa muda ilisikika ile sauti ya michirizi ikipiga kitako cha ndoo tupu.

"Nilikuwa nakusikia," Baba alisema.

Niliacha.

"Endelea, asije akazuia tena." Aliendelea kumkuna. "Ndoo tupu ina kelele. Wewe ukirudia huku, mimi nipo mezani nasikia kila mchirizi. Kila siku najiambia kesho nitasema."

Nikaendelea kukamua. Nilikuwa nafikiria wiki tatu zile, yeye mezani akisikia, mimi huku nikijua, na ndoo zikirudishwa kusuguliwa. Nadhani yeye naye alikuwa anafikiria hilo hilo, kwa sababu nilipomaliza hakunisubiri. Ilikuwa ndoo ya maziwa ya Shangazi, ya kumwagwa, lakini aliinyanyua kwa mikono miwili, akaikumbatia kifuani kwa sababu vidole havikuaminika, akatoka nayo kwenda jikoni. Nilimfuata nyuma.

Mama alikuwa anamwaga maji ya moto kwenye ndoo nyingine. Baba alisimama mbele yake.

"Ndoo zako hazikuwa na kosa," alisema.

Mama hakuinua kichwa.

"Najua," alisema. "Na mimi nakaa meza hiyo hiyo."

Kisha akafuta mikono yake kwenye nguo, ile mikono iliyopasuka, akampokea ndoo.