Mwambie Binti Yako

Mtaani kwetu ndege ikipita watu hunyamaza. Si kwa heshima. Heshima gani kwa chuma kinachokutikisia sufuria jikoni! Ni kwamba hata ukisema husikiki, basi unabaki na neno lako mdomoni na mkono hewani mpaka ngurumo ipite, halafu unaendelea pale pale ulipoachia. Wateja wanaoniletea zipu zao kutoka mitaa mingine hushangaa. "Fundi, umepatwa na nini?" Sijapatwa na kitu. Njoo uishi chini ya matumbo ya ndege, nawe utajifunza adabu.

Baba yangu alikufa kwenye kimya hicho.

Nieleze vizuri, maana wapo wanaodhani natia chumvi. Nilipomwacha mume wangu nikarudi nyumbani na cherehani yangu, baba alichukia, akaapa hatasema nami tena. Na baba akiapa, ameapa. Lakini nyumba yenyewe ni vyumba viwili na sebule, mtu utamkwepa wapi? Ikabidi awe anasema nami kupitia kwa mama, hata tukiwa meza moja. "Mwambie binti yako chai imepoa." "Mwambie binti yako cherehani yake inaniumiza kichwa." Nami sina dogo, najibu, "Mama, mwambie mumeo azibe masikio." Mama katikati, anageuza shingo huku na huku kama mkalimani wa mahakamani. Tuliishi hivyo miaka. Kuna siku nilimwona baba anauma mdomo asicheke.

Mchana mmoja alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Akashusha gazeti, akanitazama mimi, usoni kabisa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nirudi. Akasema, "Mwambie binti yako kwamba..." Ndege ikapita. Tukanyamaza wote watatu kama kawaida. Ilipokwisha kupita mama akauliza, "Eeh, kwamba?" Baba alikuwa bado ananitazama, lakini alishakwenda.

Kwamba nini? Kwamba nimemsamehe? Kwamba aniondokee kwangu? Kwamba chai imepoa? Nimeligeuza neno hilo kila upande mpaka limechakaa. Naye mama, tangu siku ile, kila ndege ikipita hugeukia kile kiti akasubiri. Mwanzoni nilidhani ni mazoea tu. Kisha nikaanza kusikia nami. Ngurumo ikiwa inakwisha, imebaki kidogo tu kwenye vioo vya dirisha, kuna mtu anakohoa. Baba alikuwa na tabia ya kukohoa mara mbili kabla ya kusema jambo zito. Niliogopa, sikatai. Niliogopa mpaka nikahamishia cherehani barazani. Lakini kazi ikipungua nilikuwa narudi ndani, nakaa, nasikiliza, kwa sababu lile neno lilikuwa langu na nililitaka.

Ndipo ikaja habari ya kurefusha njia ya kurukia ndege. Safu yetu yote ya nyumba ivunjwe. Kabla ya hapo, tukaambiwa, lazima ifanyike tathmini ya mazingira. Wataalamu wakaja na mabuti yao, wakahesabu vyura bwawani, wakafunga kipima kelele juu ya paa la kinyozi. Vyura walipata kurasa nzima kwenye ripoti ile. Sisi binadamu tukaitiwa kikao kimoja, uwanja wa shule, chini ya turubai.

Mwenyekiti wa jopo alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tai, mgeni wa huku. Tulishakubaliana kwamba kinyozi ndiye aanze kupinga, maana mdomo wake haujui likizo, kisha nifuate mimi. Nilikuwa nimejipanga, maneno yananiwasha ulimi. Mama alikaa kando yangu, mkoba mapajani. Mwenyekiti akaeleza, akaeleza, mwishowe akasema, "Sasa, kabla sijafunga sehemu hii, je, yupo mwenye pingamizi?"

Ndege ikatokea juu ya turubai.

Tukafunga midomo. Uwanja mzima! Kinyozi alikuwa amenyanyuka nusu, kinywa wazi, akagandia hapo hapo. Nami nimeshika mgongo wa kiti cha mbele, nimemeza pumzi, nangoja ipite. Yule mgeni hakujua desturi yetu. Aliendelea kusema kwenye kipaza sauti chake, midomo inacheza tu. Ngurumo ilipokwisha tukamsikia akimalizia, "...na wahenga walisema, kunyamaza ni kukubali. Nimefunga. Nawashukuru sana kwa utulivu wenu."

Utulivu! Jamani! Tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka, viti vikaanguka, lakini wakubwa walishaingia kwenye magari. Katika ripoti sisi tulipata mstari mmoja: wakazi hawana pingamizi.

Kesho yake baada ya kikao nikamshika mama mkono tukaenda ofisini kwa jopo. Nilimkuta karani, dada mdogo tu, vipokea sauti vimemning'inia shingoni, anaandika kikao kutoka kwenye kinasa sauti. Nikammwagia yote niliyonuia kummwagia mwenyekiti.

"Dada, mimi si mwenyekiti," akasema. "Na tena afadhali umekuja. Kuna kitu nataka mnisaidie."

Akabonyeza. Ukaanza mngurumo wa ndege, na ndani yake sauti ya mwenyekiti ikiuliza mara ya pili kama yupo mwenye pingamizi. Kisha mtu akakohoa. Akakohoa tena. Sauti ya mwanamume, karibu kabisa na kipaza sauti, ikasema, "Ngojeni. Sijamaliza."

Nikakaa juu ya boksi la karatasi.

"Nimeisikiliza tangu asubuhi," karani akasema. "Pale mbele hakukuwa na mtu. Ni nani huyu?"

"Mume wangu," mama akajibu.

"Basi mama, mna bahati. Kanuni iko wazi. Mtu akiomba kusema kabla kikao hakijafungwa, na hajasikilizwa, kikao bado hakijafungwa. Aje atoe pingamizi lake, ripoti itarudi mezani."

"Siku hizi hatembei," mama akasema, uso mkavu.

"Basi jopo litamfuata nyumbani. Atafuatwa."

Njiani nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, wapita njia wananikodolea macho. "Mama, atasema! Atamaliza mbele yao. Nyumba itapona, nami nitapata langu."

"Na akishamaliza?" mama akauliza.

"Akishamaliza, nini tena?"

 Mama alitembea hadi mlangoni, akapitiliza ndani, akakipangusa kile kiti vumbi ambalo halikuwapo.

Jopo lilikuja mchana wa wiki iliyofuata: mwenyekiti na tai yake, na karani na kinasa sauti chake. Majirani walijaa dirishani, kinyozi mbele yao. Mwenyekiti alitazama huku na huku.

"Mzee yuko wapi?"

Mama akaonyesha kiti. "Ngojeni ndege."

Mwenyekiti akanigeukia mimi, kwa jicho la mtu anayetafuta mwenye akili humu ndani. Nikamwambia, "Kaa, mheshimiwa. Nikuletee chai?"

"Mama yangu," akasema taratibu, "nakuheshimu. Lakini asiyekuwepo na lake halipo."

"Huyu yupo," mama akasema.

Ikaja. Vikombe vikaanza kugongana kwenye sinia. Tulinyamaza sote, na safari hii hata mwenyekiti alifumba mdomo, ameshajifunza. Ngurumo ikajaa chumba, ikafika juu ya vichwa vyetu, ikaanza kuondoka. Ilipobaki ile ya kwenye vioo tu, mtu akakohoa. Karani alishika vipokea sauti kwa mikono miwili. Kinyozi dirishani akajiziba mdomo kwa kiganja. Kikohozi cha pili. Mwenyekiti akajivuta nyuma, kiti chake kikalia sakafuni.

"Mwambie binti yako kwamba..."

Karibu, wazi, kama ananionea huruma kwa kuchelewa. Nilishasimama. Mwili wote ulikuwa masikio.

"Basi!"

Alikuwa mama. Tangu nizaliwe sijapata kumsikia mama akisema kabla ngurumo ya ndege haijakwisha. Aliruka akasimama kati yangu na kiti, mikono ameitanua. "Nyamaza! Usimalize! Nakuomba mume wangu, usimalize!" Akanyakua sinia, vikombe vikatawanyika, akalipiga kwa ngumi, akalipiga, akapiga na miguu chini, huku anapaza sauti isiyo na maneno tena. Nilimvuta nguo. Nilimpigia kelele anyamaze. Aliendelea mpaka ngurumo ikakauka kwenye vioo, na chumbani pakabaki pumzi zetu tu.

"Mama!" Sauti yangu sikuitambua. "Lile neno lilikuwa langu!"

"Najua."

"Sasa kwa nini? Kwa nini, mama?"

"Mtu akishasema lake, huaga akaenda." Sinia lilikuwa bado mkononi mwake. "Wewe unataka neno lake. Mimi namtaka yeye."

Mwenyekiti alijifuta uso kwa leso. Alikuwa amejikunyata kwenye kiti chake kama mtoto aliyekemewa. "Mama, sasa... tuandike nini?"

"Andika hakuna mtu."

"Mama, nimemsikia!" karani akasema, machozi yanamtiririka. "Naweza kushuhudia. Nyumba yenu itavunjwa!"

"Andika hakuna mtu, mwanangu."

Mwenyekiti akaandika, haraka, kama mtu anayehofia ndege nyingine itamkuta humu. Wakaondoka. Majirani nao wakatawanyika bila kuniangalia. Nilitoka barazani nikakaa kwenye cherehani yangu, sishoni kitu. Nilitaka kumtukana mama aliyenizaa, na nilikosa tusi la kumtosha.

Kisha nikaisikia ndege kwa mbali, inakuja. Niliacha kila kitu nikakimbilia ndani. Mama alishafunga madirisha, amekaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye kile kiti, na alikuwa ameanza kuimba.