Mkunjo wa Mbeleko

Mama Valérie aliipiga pasi mbeleko ile kwa mara ya pili, na bado mkunjo wa katikati haukutoka. Ulikuwa mkunjo wa zamani, umepita kitambaa chote kwa urefu, na pale ulipopita rangi za kitenge zilikuwa zimekufa. Sikuzote alidhani ni alama ya sanduku. Kitambaa kilitoka Uvira, kikavuka ziwa, kikakaa miaka katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kikafika Stechford, kwa Wazungu, kimelaliwa na masufuria, na kila mtoto aliyemzaa alisinzia ndani yake. Akanyunyizia maji, akakandamiza tena, halafu akakata tamaa. Mungu haangalii mikunjo, alijiambia.

Leo ilikuwa siku ya Francine.

Valérie lilikuwa jina lake mwenyewe; Francine, binti yake wa kwanza, alikuwa na miaka thelathini na nne, na ndoa yake ilikuwa imezeeka bila hata mimba ya kuharibika. Kanisani kwao, katika ukumbi wa kukodi karibu na stesheni, mwanamke akikaa hivyo wamama wa Kikundi cha Hana humfungia saumu. Baada ya kufunga wanamwendea nyumbani na mbeleko ya mama yake, wanaifunga mgongoni mwake ikiwa tupu, wanaomba mpaka sauti zikauke. Mbeleko haitoki tena katika nyumba hiyo mpaka ijae.

Zamani kikundi hakikuwa na nafasi ya mambo hayo. Kila wakati kulikuwa na mzazi wa kupelekewa uji, na wamama waligombana nani atambeba mtoto kwanza. Siku hizi sufuria ya uji ilikaa juu ya kabati la ukumbi imejaa vumbi. Darasa la watoto la Jumapili lilikuwa na watoto wawili, kaka na dada, ambao mwalimu akiwauliza swali wanatazamana.

"Safari hii tunarudi na mimba," alisema Mama Ombeni, mkubwa wa kikundi, walipokuwa wamekaa ndani ya basi namba kumi na moja kuelekea Kings Heath, alikokaa Francine. "Nimekwisha kumuambia Mungu, kama ni mapacha hatukatae."

"Ombea mmoja kwanza," akasema mama aliyekaa nyuma yake. "Vyumba vya huku ni kama mifuko ya shati."

Wakacheka. Mama Valérie akacheka kuliko wote, mbeleko imo mapajani mwake ndani ya mfuko safi.

Francine aliwafungulia mlango huku akitabasamu. Mumewe Raphaël alikuwa kazini. Viti vilikuwa vimepangwa, chai iko tayari, na yeye mwenyewe amevaa gauni la mikono mifupi, nywele kazifunga kitambaa. Wamama walimpenda Francine. Hakuwa na kiburi. Walipomwambia apige magoti, alipiga magoti katikati ya zulia kama mtu anayejua kwamba mvua ikianza huwa inakwisha.

Wakamfunga mbeleko. Ilining'inia mgongoni kwake kama mfuko uliomwagwa unga. Mama mzazi hukaa upande wa kushoto na kumshika mkono, ili akitetemeshwa na Roho asianguke. Mama Valérie akamshika juu ya kiwiko, upande wa ndani, pale nyama ilipo laini. Mama Ombeni akaanza kumwita Mungu wa Sara na wa Hana, na wengine wakapokea, na chumba kikajaa.

Ndipo vidole vya Mama Valérie vikagusa kitu.

Kilikuwa chini ya ngozi, kirefu kidogo, chembamba kama njiti ya kiberiti. Akakibonyeza. Kikasogea, kikarudi. Hakuhitaji kuambiwa. Yeye mwenyewe alikuwa amewekewa kijiti cha kuzuia mimba kama hicho hapa hapa mjini, baada ya kumzaa Sagesse, kitindamimba wake. Daktari alimwambia akiguse akijue, na miaka ile alikuwa akikigusa kila akioga.

Akafumbua macho. Francine alikuwa amefumbua ya kwake, anamtazama. Hakuuvuta mkono. Alimtazama mama yake kwa utulivu, bila woga.

"Fungua tumbo, Baba," Mama Ombeni alikuwa akilia, machozi ya kweli yanamtiririka. "Fungua ulichofunga."

"Amina," wakasema wamama.

"Amina," akasema Mama Valérie.

Baadaye wamama walikunywa chai na kusimuliana habari za magoti na miguu. Mama Valérie akakusanya vikombe akamfuata binti yake jikoni, akausukuma mlango kwa mgongo ukajifunga.

"Hii ni nini?" akauliza, kidole kikiwa juu ya mkono wa Francine.

Francine alikuwa ameanza kuosha. "Unaijua, Mama. Weye pia ulikuwa nayo."

"Miye nilikuwa na batoto bane."

"Na miye niko na batatu. Ruben, Junior na Sagesse."

"Hao ni wangu, Francine. Usianze kuchanganyikiwa."

"Ulibazala, ndiyo. Nani alikuwa anababeba?"

Mama Valérie alitaka kucheka, kwa sababu jibu lilikuwa jepesi mno. Mtoto wa kike wa kwanza ndiye anayebeba. Yeye mwenyewe aliwabeba wadogo zake, na mama yake vivyo hivyo, na hakuna aliyekaa akalihesabu jambo hilo kuwa kazi. Ndivyo msichana anavyofundishwa umama. Alikuwa akijisifu kwa wamama wenzake kwamba Francine alijua kumtuliza mtoto kabla hajajua kusoma.

"Nilikuwa naenda kutafuta kuni," akasema. "Nilikuwa kwenye mustari wa chakula. Na tulipofika huku nilikuwa nasafisha maofisi. Ulitaka nibafungie kwenye sanduku?"

"Hapana. Sikukulaumu hata siku moja." Francine akakausha mikono, akaifungua mbeleko kifuani, akaitandaza juu ya meza ya jikoni. Akapitisha kidole kwenye ule mkunjo. "Unajua hii ilitoka wapi?"

"Sanduku."

"Nilikuwa mufupi, Mama. Nilikuwa na miaka nane. Nikiifunga nzima inaburuta chini, naikanyaga, naanguka na mutoto. Basi nikaikunja mbili. Kila siku naikunja hapa hapa. Junior alipokuwa analia darasani mwalimu alinitoa inje, nikasikiliza somo kwenye dirisha, mpaka hata dirishani nikaacha kwenda. Nikimaliza Junior, tumekuja huku, ukanipa Sagesse."

Mama Valérie aliutazama mkunjo. Pale katikati nyuzi zilikuwa zimebaki chache, mwanga wa dirisha ulipita.

"Zala moja tu," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nitamulea miye. Nitahamia hapa. Weye utamuzala tu, mengine yote ni yangu."

"Umechelewa, Mama." Hakusema kwa hasira, na mama yake akavuta kiti akakaa. "Nikiona mutoto, hata wa jirani, mugongo unaanza kuniuma. Watu banasema itapita. Nimeingoja ipite. Sasa nimechoka kungoja."

"Raphaël anajua?"

"Yeye njo alinipeleka hospitali. Yeye pia ni wa kwanza kwao."

Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya Mama Ombeni akiuliza kama sukari imekwisha. Francine akajibu inakuja.

"Basi kwa nini unabaacha bamama banafunga njaa?" Mama Valérie akanong'ona. "Kwa nini unapiga magoti?"

"Kwa sababu mwanamuke tasa banamuletea uji. Mwenye kukataa banamuletea vikao. Pasta atakuja, baba mukwe atapiga simu kutoka Bukavu, mashangazi batakaa hapa mpaka nitie sahihi." Akaikunja mbeleko kwa uangalifu, mbili, kisha nne. "Ukibaambia, tutahama. Utakuwa huna mujukuu, na miye pia utanikosa."

Akachukua sukari akatoka.

Aliporudi Stechford, Mama Valérie alimkuta jirani yake Falis kwenye kizingiti akipumzisha miguu. Falis alikuwa Msomali wa Garissa, na kazi yake ilikuwa kuogesha wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee.

"Mama Francine, mbona umevaa uso wa matanga?"

"Nimechoka tu."

"Mimi leo nimecheka mpaka nikalia. Mwanangu Hamdi amenunua paka. Ananiambia, hooyo, yaani mama, huyu ndiye mjukuu wako. Nikamuuliza, sawa, ataenda madrasa gani?"

Mama Valérie hakucheka. Falis naye akaacha kucheka.

"Unajua," Falis akasema, "kule kazini kuna kikongwe anashinda akiangalia mlango. Hana mtu. Mwanzo nilikuwa nasema hawa Wazungu wamekula laana gani, mtu anazeeka hana hata wa kumshikia kikombe. Kumbe wao wametangulia tu kwenye foleni, sisi tuko nyuma yao."

Mama Valérie akaaga, akafungua mlango wake.

Ndani, Sagesse alikuwa amejilaza kwenye kochi na simu. Mama yake alimwuliza kwa Kiswahili kama anakusudia kuzaa siku moja. Sagesse alijibu kwa Kiingereza, macho kwenye simu, kwamba hata yeye mwenyewe hajaweza kuhama nyumbani, huyo mtoto atamweka wapi, na kwamba kama Mama ana hamu sana awaulize Ruben na Junior. Mama Valérie alikwisha kuwauliza. Mmoja alimtumia kicheko cha kuandika, mwingine hakujibu mpaka leo.

Jumatano wamama walifunga tena. Jioni wakakutana ukumbini, midomo imekauka, na Mama Ombeni akasema kwamba ameota amemwona Francine amebeba kitu cheupe.

"Hatuachi," akasema. "Mpaka mbeleko ijae. Leo tuongozwe na mwenye uchungu. Mama Francine, simama."

Mama Valérie akasimama. Mbele yake, kwenye kona ya watoto, vile viti vidogo vilikuwa vimepandanishwa kimoja juu ya kingine na kusogezwa ukutani ili kupata nafasi. Wamama walikuwa wamefumba macho, wamekunja ngumi, wanamngojea. Hakuwa amekula tangu jana yake, na njaa ilikuwa ya kweli.

"Bwana," akasema. Mama mmoja akadhani analia, akamshika bega. "Bwana, umupe Francine mutoto. Fungua."

"Amina."

"Fungua ulichofunga."

Aliomba vizuri. Walisema baadaye kwamba hawajamsikia akiomba hivyo. Walipomaliza, Mama Ombeni aliishusha sufuria kubwa kutoka juu ya kabati, akaifuta vumbi, wakapika uji wa kufungulia saumu, uji ule ule wa mzazi, wenye maziwa na siagi. Ukawa mwingi kuliko watu. Mama Valérie akajaziwa kikombe, na alipokimaliza wakamjazia tena, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumpa.